Mnazi wa Mwanamkasi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia na watu wameshaanza kusalimiana kwa vidole, palikuwa na msichana wa Tukuyu aitwaye Atuganile. Tukuyu mnaijua? Ni kule juu, kusini mwa Tanzania, kwenye migomba na chai, ambako mtoto huvikwa sweta kabla hajapewa jina. Atuganile alisomea sheria Iringa, nako ni baridi vilevile, na katika miaka yake ishirini na mitatu hakuwahi kuiona bahari. Aliiona kwenye kalenda tu.

Ikafika zamu yao ya mafunzo ya vitendo. Wenzake wakachagua Mbeya, wakachagua Dodoma, wakachagua kwa shangazi. Yeye macho yake yakatua chini kabisa ya orodha: ofisi ya msaada wa kisheria, Kwale, Kenya, wiki kumi. Akaitafuta Kwale kwenye ramani. Akaona pembeni yake buluu tupu. Akajaza fomu palepale.

Baba yake, mwalimu mstaafu, akamwuliza, "Unavuka mpaka kwenda kujifunza sheria, au kwenda kuoga baharini?"

"Vyote viwili, baba."

"Haya. Lakini kumbuka, barua ya mwaliko imetoka kwa sheria. Bahari haijakuandikia."

Akacheka, akafunga begi, akaondoka.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Mwenye ofisi ni Wakili Mejumaa, mama wa makamo, mfupi, miwani yake inaning'inia kwa uzi shingoni, na akikasirika sauti hushuka badala ya kupanda. Alimpokea Atuganile kwa mikono miwili.

"Karibu atachimenti, mwanangu."

"Asante, Wakili. Kwetu tunaita fildi."

"Uite fildi, uite atachimenti, chai ya saa nne utachemsha wewe."

Wakapatana hivi: Jumatatu hadi Ijumaa ni za ofisi, Jumamosi na Jumapili ni zake. Atuganile akaandika orodha ya fukwe kwenye daftari, kila Jumamosi ufukwe wake. Jumamosi ya kwanza alisimama Diani, viatu mkononi, akashindwa kusogea. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akampigia baba yake simu. "Baba, ni chumvi kweli!" Baba akasema, "Nilikufundisha hivyo darasa la tatu." Jumamosi ya pili akaenda mbele zaidi. Ya tatu, zaidi. Kuogelea hakujua, alikaa tu pale maji yanapomfikia kiunoni, akayaacha yamsukume na kumrudisha, akihisi kama mtoto anayebembelezwa.

Sasa nisikilizeni kuhusu kesi.

Kesi ilikuwa ya njia. Si barabara, njia ya miguu, watu wawili wakikutana inabidi mmoja apishe. Ilitoka kijiji cha Mwandarani, ikapita katikati ya nguzo mbili za mawe, ikashuka ufukweni. Wanawake wa kijiji waliipita tangu enzi za bibi zao. Maji yakipwa walishuka mwambani kuchokoa pweza, na miaka ya karibuni wakawa wanafunga mwani kwenye kamba na kuuvuna. Halafu ikaja hoteli. Ikanunua kiwanja, ikazungusha seng'enge, ikasema: hapa hapajawahi kuwa na njia, hawa wameanza kupita juzi, baada ya kuanza kulima mwani. Wanawake wakawa wanazunguka kwa mawe mwendo wa saa moja unusu. Wakifika, maji yameshaanza kurudi, kamba zimezama.

Mkubwa wao alikuwa Bi Nyamvula, wa miaka sitini na mitano. Katika kule kuzunguka aliteleza, akavunjika kiwiko, mfupa ukaunga vibaya. Siku Atuganile alipopelekwa kijijini kuonyeshwa zile nguzo mbili, Bi Nyamvula alimpa mkono wa kushoto.

"Niwie radhi, mjukuu wangu. Wa kulia hauinuki. Si ukosefu wa adabu."

"Shikamoo, bibi. Hamna neno."

"Marahaba. Umetoka mbali kuja kutusemea."

Atuganile akaona haya, maana alijua kilichomleta.

Miaka miwili Wakili Mejumaa alikuwa akiibeba kesi ile bila malipo. Ilikuwa na tundu moja. Sheria ilitaka ithibitike kwamba njia imetumika zaidi ya miaka ishirini, na mashahidi wote walikuwa wanawake wale wale wanaoidai. Wakili wa hoteli alisema, "Watasema lolote." Na wakati huohuo hoteli ilikuwa imeanza kung'oa seng'enge na kujenga ukuta wa zege. Kila wiki ukuta ulisogea.

Wiki ya sita, siku ya Alhamisi, Wakili akampa Atuganile bahasha. "Hii ni hati ya kiapo ya Bi Nyamvula, ya mwisho iliyobaki. Ipeleke masjala ya mahakama leo kabla hawajafunga, wakupe tarehe ya kusikilizwa."

Atuganile akatoka. Jua lilikuwa zuri. Upepo ulikuwa mzuri. Gari la mahakamani linaelekea huku, gari la ufukweni linaelekea kule, yote mawili yamesimama. Akajiambia, bahasha ni bahasha, leo au kesho. Akampigia simu Wakili.

"Wakili, tumbo linanikata. Nikishapeleka naomba nikapumzike."

"Pole, mwanangu. Kunywa maji ya tangawizi, ulale."

Akapanda gari la ufukweni.

Alipanda gari lipi? La ufukweni. Na bahasha je? Iko mkobani. Haya.

Akakaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Alipotoka, akaitwa na mzee aliyevaa kofia ya ukili, kamera shingoni. Jina lake Mzee Ngome, mpigapicha wa ufukweni. Miaka thelathini na mmoja amekuwa kwenye ufukwe ule, na tangu hoteli ileile ijengwe amekaa kando ya lango lake, kwa ruhusa yao, akiwapiga picha wageni wao.

"Binti, picha? Ya kumtumia mchumba?"

"Mchumba sina, mzee. Ya kumtumia baba."

"Basi simama wima. Ya mchumba ndiyo tunainama kidogo."

Akampiga. Wakati anabadilisha betri, Atuganile akafunua albamu zilizopangwa kwenye kibanda chake. Zilikuwa nyingi, zimejaa picha za watu waliopigwa wasirudi kuchukua.

"Mbona huzitupi, mzee?"

"Nitatupaje watu?"

Akafunua moja, akafunua nyingine. Akaona Wazungu wawili wa fungate, wameshikana viuno, wanacheka. Na nyuma yao, wadogo lakini wazi kabisa, wanawake wanne wenye vikapu wakishuka katikati ya nguzo mbili za mawe. Wa mbele alikuwa na mtoto mgongoni, anachungulia begani. Pembeni, kwa tarakimu za rangi ya chungwa, tarehe: picha ilikuwa na miaka thelathini.

Akaweka kidole juu ya nguzo. "Mzee, hapa ni Mwandarani. Hii ndiyo njia."

Mzee Ngome akaichukua albamu mikononi mwake, polepole, akaifunga. "Ni ufukwe tu, binti. Fukwe zinafanana."

Asubuhi ya Ijumaa Atuganile alikuwa masjala kabla ya mlango kufunguliwa. Karani akapokea bahasha, akapekua kitabu. "Tarehe za wiki ijayo, za Jumatano, zimegawiwa jana zikaisha. Iliyopo ni Ijumaa ya wiki ya pili, tarehe ishirini na nane."

Akaipeleka ofisini. Wakili Mejumaa akaisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ishirini na nane?"

"Ndiyo, Wakili. Wamesema za wiki ijayo zimekwisha."

Neno moja, *jana*, likambakia kooni. Maana hapo ndipo Wakili alipomwambia kwamba tarehe ishirini na nane ndiyo siku anayoolewa Saumu, binti pekee wa Wakili Mejumaa.

Wakili akaomba kesi iahirishwe. Upande wa hoteli ukapinga. Nafasi nyingine ilikuwa baada ya miezi mitano, na katika miezi mitano ukuta ungekuwa umefika baharini. Wakili akarudi nyumbani kumweleza mwanawe. Saumu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, Bi Nyamvula ana wakili mmoja. Lakini na mimi nina mama mmoja."

Atuganile alisikia maneno hayo kutoka kwa Wakili mwenyewe, akachemsha chai ikamwagika jikoni.

Siku zile wanafunzi wengine wawili waliokuwa mafunzoni Kwale walikuwa wamepanga safari ya Lamu, na kiti chake kwenye basi kilikuwa tayari. Lamu ndiyo ilikuwa kilele cha orodha yake. Akawaambia nendeni. Wakaenda, wakamtumia picha za punda. Yeye kila alasiri ofisi ikifungwa alikwenda kwa Mzee Ngome. Siku ya kwanza akaomba ile picha, mzee akakataa. Siku ya pili akaomba, mzee akakataa. Siku ya tatu hakuomba. Aliuliza alijifunzaje kupiga picha, na mzee akasimulia mpaka jua likatua. Siku ya nne akaja na kitambaa, akapangusa albamu vumbi. Ya tano vilevile. Ya sita mzee akamletea mihogo ya kuchoma. Bahari ilikuwa palepale, hatua ishirini, na Atuganile hakuingia.

Siku ya saba mzee akasema, bila kuulizwa, "Picha ile naijua. Naijua tangu siku ya kwanza ya kesi. Miaka miwili naamka nayo. Nikiitoa, watanifukuza hapa langoni. Na nikifukuzwa hapa, mimi ni mzee mwenye kamera, basi."

Atuganile akaweka kitambaa chini. "Sina la kukuahidi, mzee. Nikisema hawatakufukuza, nitakuwa nimekudanganya."

Mzee akamtazama. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo." Akaichomoa picha kwenye karatasi yake ya nailoni, kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa mwiba. "Sitakupa uende nayo. Nitakwenda nayo mwenyewe."

Ikafika Ijumaa. Nyumbani kwa Wakili wanawake wanampaka Saumu hina, wanamvisha, wanampigia vigelegele. Mahakamani mama yake amevaa joho jeusi, amesimama. Wakili wa hoteli akapinga shahidi mpya. Wakili Mejumaa akajibu hoja kwa hoja, sauti yake ikishuka, ikishuka, mpaka chumba kizima kikainama kumsikiliza. Hakimu akaruhusu. Mzee Ngome akapanda kizimbani, akasema ni picha yake, kamera yake, tarehe ni ile. Meneja wa hoteli alikuwa amekaa safu ya pili, anaandika.

Kisha picha akapewa Bi Nyamvula aitambue njia.

Bi Nyamvula akaishika kwa mkono wa kushoto. Akaisogeza karibu na macho. Wakili Mejumaa akamwuliza, "Bi Nyamvula, unaona nini?"

"Namwona Mwanamkasi."

"Ieleze mahakama, Mwanamkasi ni nani?"

"Ni mwanangu. Huyu niliyembeba. Alifariki na miaka mitano, kwa homa. Sikuwa na picha yake. Uso ulikuwa umeanza kunitoka." Akagusa ile picha kwa kidole. "Alikuwa na mashavu hivi. Nilikuwa nimesahau mashavu."

Hakimu akaangalia meza yake. Karani akaacha kuandika. Atuganile, kwenye benchi la nyuma, akalia bila kujificha.

Wakili Mejumaa alifika nyumbani alasiri, joho bado mwilini. Mkeka wa bibi harusi ulikuwa mtupu, umenyunyiziwa maua. Saumu alikuwa ameshakwenda kwa mumewe.

Siku kumi baadaye, hukumu ikasomwa: njia ni njia, ukuta ubomolewe, na wiki hiyohiyo njia ikafunguliwa. Siku ya pili yake Mzee Ngome alikuta kibanda chake kimetolewa, albamu zimepangwa kwenye mchanga.

Sasa ndipo tulipofika.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Atuganile. Wanawake wa Mwandarani walikusanyika uani kwa Bi Nyamvula, wamepika wali wa nazi na pweza. Wakili alikuja, na Saumu alikuja naye, mara ya kwanza mama na mwana kukaa mkeka mmoja tangu harusi. Mzee Ngome alikuja na kamera yake. Watu walipokwisha kula, Bi Nyamvula akasimama, akaelekeza mkono wa kushoto kwenye mnazi mrefu nyuma ya nyumba.

"Ule mnazi aliupanda baba yake Mwanamkasi siku mtoto alipozaliwa. Kwetu mtoto akizaliwa hupandiwa mnazi wake. Mwenyewe hakuwahi kuzila nazi zake. Tangu afe sijaugusa. Nazi zikianguka, apitaye huokota. Sasa nataka uwe na mwenyewe. Nitakayempa atakuwa amekaa mahali pa mwanangu, na hapa ni kwao. Mnazi haugawanyiki. Nimpe nani kati ya hawa watatu, Wakili, Mzee Ngome na huyu mjukuu wangu? Semeni wenyewe, msinionee haya."

Mzee Ngome hakuona haya. "Mimi naudai. Bila picha yangu hakuna njia, na picha ile niliitunza miaka thelathini wakati hata wenyewe hawakuitaka. Hawa wawili wamepoteza siku. Mimi nimepoteza mahali pangu. Nipeni mahali."

Mwanamke mmoja akasema, "Lakini miaka miwili ulinyamaza, Mzee Ngome. Mkono wa Bi Nyamvula ulivunjika wewe ukiwa na picha."

"Kweli," akasema mzee. "Sikatai."

Wakili Mejumaa akafuata, akichezea uzi wa miwani. "Sikuja kudai. Lakini mkisema tuseme, nitasema. Kesi hii niliibeba ilipokuwa haina picha wala matumaini. Na siku yake ilipofika, sikumvisha mwanangu hata bangili moja. Mnazi siutaki kwa ajili yangu. Ningempa Saumu. Mwana aliyekosa mama siku ile apate kitu kilichopandwa kwa mapenzi ya mzazi."

Saumu akainamisha uso, mkono wake ukaenda ukashika pindo la baibui la mama yake.

"Na wewe, mjukuu wangu?" akauliza Bi Nyamvula. "Wewe uliyeiona picha. Wewe uliyeacha kwenda Lamu."

Atuganile akasimama. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema hapana, akakaa, akapanda basi kesho na kurudi Tukuyu, asijue mtu.

"Bibi, siku niliyoiona picha nilitakiwa niwe mahakamani. Wakili alinipa bahasha. Nilimdanganya kwamba tumbo linaniuma, nikaenda ufukweni. Niliipeleka kesho yake, tarehe zimekwisha. Ndiyo maana tukapewa tarehe ishirini na nane." Akamgeukia Saumu. "Harusi yako ni mimi niliyekunyima mama."

Saumu akainua uso.

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa anakupa pole, na wewe unaogelea."

"Sijui kuogelea," akasema Atuganile, machozi yanamtoka. "Nilikuwa nimekaa tu majini."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo.

Wakili Mejumaa alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa chini kuliko siku zote. "Ungeipeleka Alhamisi, tungesikilizwa Jumatano inayofuata. Na Jumatano, Mzee Ngome, ulikuwa umeshakubali?"

"Bado," akasema mzee.

"Basi tungeshindwa, nami ningekuwa harusini." Akavuta pumzi. "Sijui nikuchape au nikukumbatie, mwanangu. Kwa leo njoo ukae hapa."

Atuganile akaenda akakaa. Saumu hakusogea kumpisha, lakini hakuondoka. Baada ya muda akamsukumia bakuli la maji anawe uso.

Basi wanawake wakaanza. Hawa wakasema ni wa Ngome, mwenye kupoteza pakubwa ndiye wa kupewa. Wale wakasema aliyenyamaza miaka miwili alipwe kwa miaka miwili ya kunyamaza? Hawa wakasema ni wa Wakili, na kupitia kwake Saumu. Wale wakasema Saumu ana mama yuko hai, mnazi wa marehemu wa nini? Hawa wakasema ni wa huyu mgeni, maana bila macho yake Bi Nyamvula asingemwona tena mwanawe, na amesema kweli hakuna aliyemlazimisha. Wale wakasema kweli yake imekuja baada ya pweza kuliwa. Kelele zikapanda, zikashuka, zikapanda.

Bi Nyamvula aliwasikiliza. Picha ya Mwanamkasi alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso yake. Akachungulia upande wa bahari.

"Maji yanapwa," akasema. "Nimezunguka mawe miaka miwili, leo siwezi kuyakosa kwa maneno. Nakwenda mwambani. Nikirudi mniambie mmekubaliana nini."

Akajitwika kikapu, akashika njia, akapita katikati ya nguzo mbili, akashuka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakibishana bado. Uani wakabaki watu wanne tu: mzee na kamera yake, mama na bintiye, na msichana wa Tukuyu ambaye gari lake linaondoka kesho alfajiri. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Na mimi nimewaacha pale pale, kwa sababu mimi nami sijui. Bi Nyamvula yuko majini, lakini atarudi, na akirudi atauliza. Nyinyi mliokaa hapa mkanisikiliza, mjibuni: mnazi wa Mwanamkasi apewe yule aliyeitunza picha akaogopa, au yule aliyeibeba kesi akamwacha mwanawe, au yule aliyedanganya, akaona, akasema kweli? Nani kati yao alistahili?